Mteja wa Mlango wa Uani

Jina lake sitalitaja. Kasulu nzima tulimwita Hakimu, na hata leo nikimkumbuka, moyoni mwangu simwiti vingine. Alikuwa na jina, bila shaka. Nililiona mara moja juu ya bahasha aliyoisahau bandani kwangu, nikalisoma kama ninayesoma jina la mtu nisiyemfahamu. Alizaliwa wapi, ukoo wake ni upi, hayo siyajui. Wengine walisema Singida, wengine Kondoa. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, hakikuchanganyika na Kiha kama chetu, na alipoletwa kwetu mwanzoni mwa miaka ya tisini alikuwa tayari mtu mzima, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye mabega mapana na mwendo wa mtu asiyependa kusubiriwa.

Mimi nilikuwa kinyozi. Wazazi wangu walivuka kutoka Burundi wakiwa wamenibeba mgongoni, kwa hiyo nchi ninayoijua ni hii. Nilikuwa na banda la mbao nyuma ya soko, lenye kiti kimoja, kioo, mashine ya mkono, mikasi miwili, chupa ya spiriti na jiwe la shabu la kuzuia damu. Nyuma ya banda palikuwa na chumba nilimolala, na nyuma ya chumba kulikuwa na ua mdogo. Ua ule ulipakana na migomba, na katikati ya migomba kulikuwa na njia ya miguu iliyokwenda moja kwa moja hadi kwenye nyumba za watumishi wa serikali. Mke wangu na watoto walikaa kwao Muyama kwa ajili ya shamba. Mimi nilipanda kwenda huko Jumamosi, nikarudi mjini Jumapili jioni.

Mahakamani watu walimwogopa Hakimu bila kumchukia. Hakupiga kelele. Shahidi akianza kusema alivyosikia kwa jirani, alimkatiza taratibu: "Sikukuita uniletee ya jirani. Wewe ulisimama wapi?" Wazee wawili wa baraza waliokuwa wakikaa naye mezani walisema hajawahi kumaliza kesi bila kuwauliza na wao wanaonaje, tena aliandika walichosema hata kama hakubaliani nacho. Kina mama waliokuja na kesi za matunzo ya watoto aliwasikiliza mpaka mwisho, hata wale wanaozunguka. Na muda wote huo aliketi mkono wake wa kushoto ukiwa umeshika kidevu, vidole vimefunika taya. Makarani wawili vijana walianza kuketi hivyo hivyo. Waliona ndiyo alama ya mtu mwenye kufikiri.

Hakimu na wazee wa baraza waliwahi kwenda Kitanga kukagua mpaka wa shamba lenye mgogoro. Mvua ikanyesha, gari likazama kwenye tope, wakalala huko siku mbili ambazo hawakuzipanga. Asubuhi ya pili Hakimu alitoka chumbani akiwa amejifunga kitambaa kuanzia chini ya kidevu hadi utosini, akasema jino linamsumbua. Alitembea shambani, akapima, akasikiliza pande zote mbili, hakula kitu mbele ya watu. Wazee wa baraza walirudi na habari hiyo wakaisimulia mjini kwa miezi: mama yule ameumwa jino siku nzima na hakulalamika hata mara moja. Niliwahi kusimuliwa kisa hicho na mzee mmoja nikiwa namnyoa. Nikamwambia kweli, mama yule ni mvumilivu.

Kanisani alikaa benchi la mwisho, upande wa ukutani. Siku moja mama mmoja aliyekuwa anatafuta pesa ya sadaka kwenye pindo la kitenge alimpakatisha mtoto wake wa miezi saba au minane. Mtoto akainua mkono kumshika uso, kama watoto wanavyofanya. Hakimu alimrudisha kwa haraka kiasi kwamba nusura amdondoshe. Tangu siku hiyo wanawake walisema hapendi watoto, ndiyo maana hana. Nami nimemwona mara nyingi akiwa amesimama kwenye njia ya migomba, anawatazama watoto wangu wakicheza uani siku walizokuja mjini, anatabasamu peke yake, halafu anageuka na kurudi alikotoka.

Mara ya kwanza aliingia bandani kwangu kwa mlango wa mbele, mchana, hakuna mteja. Nilisimama kwa heshima. Akasema ana ndugu yake wa kiume ambaye akinyoa ndevu hutokwa na vipele. Afanye nini? Nikamweleza anyoe baada ya kulainisha kwa maji ya moto, afuate nywele zinakoelekea, asirudie rudie. Akashukuru, akaondoka. Baada ya wiki mbili akarudi. Ndugu yake amejaribu, lakini chini ya taya haoni vizuri, macho yake ya karibu yameanza kufifia. Nikasema amtafute kinyozi. Mara ya tatu alikuja akasema huyo ndugu yake anaona aibu kwa kinyozi. Nikauliza mwanamume anaonaje aibu kunyolewa ndevu. Alikuwa ameshika kidevu kama alivyozoea, na katikati ya vidole niliona kidonda kibichi, na pembeni ya kidonda nikaona kilichokiponza kidevu.

Nadhani aliona kwamba nimeona. Halafu akaniuliza, "Fundi, unajua kunyamaza?"

Nikamwambia kazi ya kinyozi ni kusikia mengi.

"Kusikia sikuulizi," akasema. "Nakuuliza kunyamaza."

Nikasema najua. Mama yangu alitufundisha hivyo kwa lugha ya nyumbani. Siri huitwa ibanga, na kwetu mtu asiye na ibanga hakaribishwi mahali. Hakimu akauliza ninafungua saa ngapi. Nikasema saa moja na nusu. Akasema basi yeye atakuja saa kumi na mbili, kwa mlango wa uani.

Alikuja Alhamisi, akiwa na wembe mpya umefungwa kwenye karatasi. Siku hizo ugonjwa ulikuwa umeshawatia watu hofu, kila mteja alikuja na wembe wake. Aliketi, akafungua kitambaa, akainua uso kuelekea dirishani palipokuwa panaanza kupambazuka. Nilikuwa nimeshanyoa mamia ya watu, lakini mkono wangu ulisita. Zilikuwa ndevu za kweli, ngumu, nyeusi, zimeota kuanzia sikio hadi sikio na kushuka shingoni. Palipokuwa na ngozi, palikuwa na makovu ya miaka mingi. Alikuwa amezing'oa kwa kibano moja moja tangu akiwa msichana, na nywele zilizokatikia ndani zilikuwa zimejikunja na kufanya usaha. Niliweka taulo la moto. Nikanyoa polepole. Nilipomaliza nikampitishia shabu, nikampa kioo. Hakukitazama. Alijipapasa kwa vidole, akasema asante fundi, akapita uani akaenda zake.

Hivyo ndivyo tulivyoanza, na hivyo ndivyo tulivyoendelea kwa miaka minne, Jumatatu na Alhamisi. Miezi miwili ya kwanza vidonda vilikauka. Makovu yalibaki, lakini poda kidogo iliyafunika.

Tulizungumza machache. Juni, Kasulu inapokuwa na baridi ya kuuma na ukungu umelala juu ya migomba, alifika mikono imekufa ganzi, nikampa kikombe cha maji ya moto akishike wakati mimi naandaa sabuni. Wakati mwingine alikuja na gazeti la wiki iliyopita, akanisomea habari za kesi za mijini huku birika likichemka, na kila hukumu alikuwa na neno juu yake: huyu amekosea, huyu ameogopa, huyu hakusoma jalada. Alipenda sana michezo ya redio. Aliweza kuniigia sauti za wahusika wote, pamoja na kikohozi cha mzee, akiwa na sabuni usoni. Sidhani kama kuna mtu mwingine Kasulu aliyewahi kumsikia akifanya hivyo. Alipoinuka kitini na kufunga kitambaa chake, sauti zile zote zilikoma, akawa tena yule anayeogopwa.

Habari ya ndoa yake niliipata kwa vipande. Aliwahi kuolewa. Kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa aliamka kila siku kabla ya mumewe, akajifungia bafuni na kibano na kioo kidogo. Halafu akaugua malaria, akalala siku nne bila kujiweza. Mumewe ndiye aliyemuuguza, akamlisha uji, akamfuta jasho. "Hakusema neno lolote baya," aliniambia. "Alinihudumia vizuri. Nilipopona nikaona amekuwa analala akitazama ukuta." Alivumilia miezi mingine mitatu ya kutazamwa mgongo, kisha akafunga mizigo yake mwenyewe. Daktari mmoja aliyemwendea baadaye alimwambia azae, zitakwisha. Alinisimulia hilo kama anavyosimulia kesi ya mtu mwingine, akaniuliza kama maji bado ni ya moto.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sikulielewa kwake. Mtu aliyesema uongo mbele yake hakumhurumia. Nimesikia alivyomweka ndani kijana wa Murungu kwa kuapa uongo juu ya ng'ombe, ingawa kijana mwenyewe alikuwa analia. Lakini yeye alidanganya kwa jino, kwa homa, kwa vumbi la barabarani, kwa ndugu wa kiume asiyekuwepo. Nilimwuliza siku moja, nusu mzaha. Akasema, "Mimi nadanganya juu ya kilicho changu. Hakuna mtu anayepoteza ng'ombe." Wakati ule hata mimi niliamini kwamba hakuna anayepoteza.

Uvumi ulianzia kwa mama aliyekuwa anauza uji karibu na soko, ambaye naye aliamka mapema kama sisi. Alimwona Hakimu akitoka uani kwangu, kitambaa kichwani, anatazama chini. Akamwona tena. Mama huyo simlaumu. Mwanamke asiye na mume anatoka kwa mwanamume aliyeacha mke Muyama, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mara mbili kwa wiki. Hata mimi ningeona hayo, ningefikiri hayo hayo.

Wateja wangu walianza kunitania, kisha wakaacha kunitania, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Jumamosi moja nilifika Muyama nikakuta nguo zangu zimekunjwa vizuri juu ya kigoda, nje ya mlango. Mke wangu alikuwa anapura maharage uani. Hakuacha kazi.

"Baba Neema," akasema, "huyo mwanamke anakuja kwako asubuhi?"

"Anakuja."

"Anafuata nini?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa fupi, na lingetosha. Nikasema, "Siwezi kukwambia."

Akaendelea kupura. Nilisubiri kidogo, watoto wakaja kunisalimia, nikachukua nguo zangu nikarudi mjini kwa miguu hadi barabara kubwa.

Wiki iliyofuata wazee wa kanisa waliniita. Walikuwa watu wema, wengine wao walinijua tangu nikiwa mtoto wa mkimbizi nisiye na viatu. Mzee mmoja aliniambia kwa upole, "Kijana wetu, sema tu kama si kweli, sisi tutakuamini." Nikasema si kweli. Akauliza, sasa huyo mama anakuja kufanya nini? Nisijifanye shujaa: mdomo wangu ulishafunguka. Niliyaona maneno yenyewe, namnyoa ndevu. Niliona pia jinsi watakavyotazamana, na jinsi yule wa pembeni mwenye mdomo mwepesi atakavyolibeba hadi sokoni kabla ya saa sita. Tena nilihofu kwamba hawataniamini, wataona nimemtukana mama wa watu ili nijiokoe. Nikafunga mdomo. Walinitoa kwenye kwaya na kunizuia kushiriki meza ya Bwana mpaka nitakapotubu.

Nilikasirika. Kwa siku kadhaa nilimkasirikia Hakimu kuliko mtu yeyote duniani. Nilijiambia yeye ana mshahara, ana cheo, nami nimepoteza nyumba kwa ajili ya kidevu chake.

Na yeye hakuwa salama. Wiki ileile, mwanamume mmoja aliyeshitakiwa kwa ugoni alisimama kizimbani akamwambia mbele ya watu wote, "Wewe unayetoka kwa kinyozi alfajiri, utanihukumu mimi?" Karani ndiye aliyenisimulia. Hakimu alikuwa ameshika kidevu chake. Hakuondoa mkono. Alimwambia karani, "Andika alivyosema, neno kwa neno." Karani akaandika. Kisha Hakimu akasema kwamba kwa kuwa mshitakiwa hana imani naye, shauri litapelekwa kwa hakimu mwingine, na yule bwana ana haki hiyo. Akaita kesi inayofuata.

Kama angetaka, angeweza kujisafisha kwa kutoa mkono ule. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Alichagua waseme ni mwanamke mhuni. Uhuni wanawake wengine nao walisingiziwa, hakuwa peke yake humo.

Jumatatu alikuja kama kawaida. Nilikuwa sijachemsha maji. Aliniuliza kama ninaumwa, nami nikamwambia yote kwa sauti ambayo sikuwahi kumtolea: kanisa, kwaya, nguo juu ya kigoda. Habari za kanisa alikuwa amezisikia. Habari za mke wangu hakuwa amezisikia. Alikaa kitini na kitambaa chake kimefungwa, akauliza Muyama ni sehemu gani, nyumba ina dalili gani. Nikamweleza. Akauliza kama mke wangu anapenda kusema sana. Nikasema hapana. Nikataka kuwasha mkaa, akasema, "Leo acha." Akatoka kwa mlango wa uani. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kukaa kwenye kiti changu.

Wiki ile alifanya kazi akiwa amejifunga kitambaa mpaka puani, watu wakasema ana homa. Jumamosi akapanda gari la mzigo kwenda Muyama.

Yaliyotokea huko nimeyapata kwa mke wangu. Anasema alimwona mwanamke mrefu anakuja kwenye njia ya shamba, akajua ni nani kabla hajafika, akaushika mpini wa jembe. Hakimu alisalimia, akaomba waingie ndani, wao wawili tu. Mke wangu aliwatoa watoto. Hakimu akaketi kwenye mkeka ingawa alipewa kiti. Akafungua kitambaa. Siku tisa zilikuwa zimepita tangu nimnyoe. Mke wangu anasema hakuelewa anachokitazama, na Hakimu akamshika mkono, akauweka kwenye kidevu chake mwenyewe, akausogeza huku na huku ili asibaki na shaka. "Hiki ndicho ninachofuata kwa mumeo," akasema.

Mke wangu alikaa muda mrefu na mkono wake pale. Ndipo akamwambia kitu ambacho mimi nilikuwa nikijiuliza tangu mwanzo. Akasema, mama, mbona hukutafuta mwanamke mwenzio? Hata mimi, kama ungenijia, ningekunyoa.

"Ndiyo maana sikukujia," Hakimu akamjibu. "Fundi akiniona, anaona kazi. Wewe ukiniona, unashukuru kwamba si wewe."

Mke wangu anasema ni kweli, wakati ule ule alikuwa amekwisha kushukuru. Alimpa maziwa. Hakimu akayanywa yote, akajifunga, akarudi na gari lile lile.

Nilipokwenda Muyama kigoda kilikuwa kimeingizwa ndani. Tukaendelea kuishi. Mke wangu hakumwambia mtu, hata mama yake mzazi. Kwa hiyo uvumi haukuwa na wa kuuzima. Tulibaki tunautazama unavyotembea. Jumapili mbili mfululizo alishuka mjini, akaenda kukaa benchi la mwisho na Hakimu, wakatoka pamoja mlangoni mbele ya watu. Alidhani anasaidia. Watu walisema nimempa dawa, au Hakimu amemtisha. Alimtumia pia salamu kwamba aje nyumbani, maji yapo, wembe upo, hakuna wa kuona. Hakimu alirudisha salamu nzuri na hakuja. Nadhani aliweza kutazamwa hivyo na mwanamke mwenzake mara moja tu.

Aliomba uhamisho. Akapelekwa Kibondo. Siku anaondoka, asubuhi, karani mmoja alipakia masanduku kwenye gari la serikali, na mke wangu alikwenda na mkungu wa ndizi. Hakimu aliupokea, akampa mkono, akapanda. Mimi nilikuwa bandani, namnyoa mteja. Nililisikia gari likipita nyuma ya soko, sikutoka.

Kanisani walinirudisha baada ya miezi, bila kutubu. Waliona tu kwamba mama amekwisha ondoka.

Miaka ilipita. Vita ya Burundi iliwatoa watu wengine tena, na miongoni mwao mjomba wangu, ndugu wa mama, ambaye sikuwahi kumwona. Nilipata habari yuko kambini upande wa Kibondo, nikaenda. Mji ule ulikuwa umejaa. Magari ya mashirika yenye milingoti ya redio yalipishana barabarani, mahindi yaliuzwa kwa magunia, vinyozi kutoka kambini walikuwa wameweka viti kando ya njia wananyoa vichwa hadharani. Nilimwona mjomba, tukakaa naye siku mbili. Siku ya tatu gari la kurudi Kasulu lilikuwa linaondoka mchana. Nikauliza nyumba ya Hakimu.

Ilikuwa nyumba ya mwisho, imepakana na miti ya mikaratusi. Nilibisha hodi. Sauti ikauliza ni nani, nikasema ni fundi wa Kasulu. Nikasikia kitasa.

Alifungua akiwa hana kitambaa. Alisema yuko likizo ya mwisho, mwakani anastaafu, na wiki tatu zile hakuwa amejigusa. Ndevu zilikuwa zimeshuka, na nusu yake ni nyeupe. Alikuwa amekonda. Chumba kilikuwa kisafi sana, meza moja, kiti kimoja, redio. Alijiletea stuli kutoka jikoni, nikakataa kukaa kwenye kiti chake, tukabishana kidogo mpaka nikakubali. Akatengeneza chai. Nilimwona akinywa, na nikatambua kwamba kwa miaka yote ile sikuwahi kumwona akinywa chochote zaidi ya kushika kikombe.

Aliuliza habari za wazee wa baraza, nani amefariki, nani ameoza meno. Akauliza kama Neema amemaliza shule. Nikamwambia nilimfuata mjomba kambini. Nilimwuliza kama kuna mtu anamnyoa hapa, akasema hapana, anajinyoa mwenyewe, kwa kupapasa. Niliona shingoni makovu ya alikojikata. Nikasema ninaweza kumnyoa sasa hivi, wembe nitanunua dukani pale. Akatikisa kichwa.

Ndipo akaniuliza jambo ambalo nadhani alikuwa ameliweka muda mrefu.

"Mkeo, siku ile nilipoondoka Muyama. Alipokusimulia, alicheka?"

"Hakucheka, Mheshimiwa."

"Alisema nini?"

Nikamwambia ukweli. Mke wangu aliponisimulia yote, aliniuliza kama wembe unamuuma yule mama, kwa vile ngozi ya mwanamke si ya mwanamume, tena ina makovu.

Hakimu aliweka kikombe chini. "Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia sijui. Sijawahi kumwuliza."

Alinitazama. Miaka minne, Jumatatu na Alhamisi, uso ule ulikuwa mikononi mwangu, na mimi nilikuwa nikimwuliza kama maji yamezidi moto, kama mvua imenyesha upande wao, kama yule mtu wa Murungu amekata rufaa.

"Sasa niulize," akasema.

Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wakubwa, lakini ilinichukua muda kulitoa neno lenyewe.

"Ilikuwa inauma?"

"Ndiyo," akasema. "Ilikuwa inauma sana, fundi. Kila siku."

Alisema hivyo bila kulalamika, kama shahidi. Kisha machozi yakamtoka, yakaingia kwenye ndevu, na hakuyafuta. Nami sikuwa na taulo wala maji ya moto, sikuwa na kazi yoyote ya kufanya na mikono yangu. Nilikaa. Gari la Kasulu liliondoka saa nane, tulilisikia wote wawili likipanda mlima, nami sikuinuka.